Nilimrushia Rafiki Yangu Mpira wa Usoni, Naye Anaamini Uliniteleza

Admin, nakuomba unifichie jina, maana wa Doha wengi tunaosoma ukurasa huu tunajuana. Mimi ni mwanaume wa miaka 34, Mtanzania, huu ni mwaka wangu wa sita huku. Ni mlinzi hotelini, naishi mtaa wa Najma, chumba kimoja na wenzangu watatu. Sina kesi ya mapenzi. Kesi yangu ni ya mchezo, na najua kuna watakaocheka. Chekeni, ila someni mpaka mwisho.

Nina rafiki, nitamwita Salumu. Tulisoma wote sekondari, na pale shuleni mwalimu mmoja wa kujitolea kutoka Japani alitufundisha besiboli. Mimi nilikuwa mrushaji, yule anayesimama katikati na kumrushia mpira mwenye gongo. Salumu alikuwa mpigaji. Huku Doha yeye alikuwa dereva wa familia moja ya Umm Salal, nje kidogo ya jiji, na Ijumaa baada ya swala tulikuwa tunacheza na Wafilipino na Wajapani kwenye kiwanja cha vumbi hukohuko, kila mmoja na timu yake.

Tangu shule tuna ubishi mmoja usioisha. Mimi nasema hakuna jambo gumu kama mrushaji kuwatoa wapigaji ishirini na saba mfululizo, mechi nzima, asifike hata mmoja kituo cha kwanza. Yeye anasema gumu zaidi ni mpigaji mmoja kuupeleka mpira nje ya uzio mara nne katika mechi moja. Nilikuwa namwambia, "Wewe unabahatisha mara nne tu. Mimi nikikosea mara moja imekwisha." Naye ananijibu, "Wewe una wenzako nyuma wanakudakia. Mimi nitaupigaje mpira ambao hujaniletea? Ukiogopa unanirushia pembeni mara nne, natembea zangu kituo cha kwanza, khalas." Hapo namwambia tu hajui mpira. Tumebishana hivyo kwenye simu, kwenye foleni ya kupima afya, mpaka msibani. Na katika hayo mawili, hakuna aliyewahi kufanya hata moja.

Mwezi wa pili mwaka huu timu zetu zilikutana. Wawili wa kwanza niliwatoa vizuri, nikaanza kujiona. Wa tatu alikuwa Salumu, akaupeleka nje. Ndoto yangu ya ishirini na saba ikafia kwa mtu wa tatu. Aliporudi akaupeleka nje tena. Mara ya tatu ulikwenda kuangukia kwenye magari, na hata watu wa timu yangu wakampigia makofi. Hilo liliniuma kuliko mpira wenyewe.

Aliporudi mara ya nne mechi ilikuwa inaelekea kuisha. Watu wote wametoa simu wanarekodi. Salumu akaniangalia, akacheka, akasema kwa Kiswahili ili wengine wasielewe, "Mwanangu, usininyime. Nipe mmoja tu mzuri."

Ndugu zangu, nilikuwa na njia mbili za kiume. Nimpe mpira mzuri apige au akose, au nimrushie pembeni atembee, ingawa hapo ningekuwa nimekubali kwa mkono wangu kwamba alichokuwa anasema miaka yote ni kweli. Nilishindwa vyote viwili. Ulikuwa wivu, sina jina lingine la kuupa. Sisi warushaji tuna mpira wetu wa juu, karibu na kidevu, wa kumtisha mpigaji arudi nyuma. Nikaurusha huo. Salumu hakurudi nyuma. Aliingia mbele, kwa sababu aliniomba mpira mzuri na aliamini nampa. Ulimpata jicho la kushoto, chini ya ukingo wa kofia ngumu.

Jicho hilo halioni tena, na madaktari wamesema halitaona. Bosi wake alikuja kumwona, akamwambia kwa upole kabisa kwamba hawezi kumkabidhi watoto mtu wa jicho moja barabarani. Mkataba umevunjwa, Jumamosi anarudi nyumbani. Kwa sasa analala kitandani kwangu, mimi nalala chini, namtilia dawa mara tatu kwa siku. Kila anayekuja kumpa pole, Salumu anamwambia, "Jamaa mpira ulimteleza, mkono ulikuwa na jasho." Hayo maneno ni yangu. Nilimwambia pale hospitali siku ya kwanza, akayachukua kama yalivyo.

Juzi mchana, nikimtilia dawa, aliniuliza, "Hivi usingeteleza, ule ungekuwa mzuri?" Nikamwambia ndiyo, ungepita katikati kabisa. Akatabasamu, akasema, "Basi ningeupiga." Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi, kazini nikachelewa.

Mara mbili nimefungua mdomo nimwambie, mara mbili nimeishia kumuuliza kama anataka chai. Nikisema, nitakayepumua ni mimi. Yeye atapanda ndege hana jicho, hana kazi, na rafiki wa miaka yote hana. Nikinyamaza, nitaendelea kupokea shukrani za watu kwa kumuuguza mtu niliyemlemaza mwenyewe. Nimegeuza huku na huku, sioni pa kutokea.

Jana mke wake alinipigia kutoka nyumbani. Ana mimba ya miezi minane, tangu Salumu alipokwenda likizo. Alilia sana, akaniambia, "Shemeji, wewe ni zaidi ya ndugu. Mimi na mwenzangu tumekubaliana, huyu akiwa wa kiume tunampa jina lako." Nikasema asante shemeji, nikakata simu.

Jumamosi namsindikiza uwanja wa ndege. Nishaurini, na msinionee huruma, nifanye nini? Nimwambie ukweli kabla hajaingia ndani, au nimwache akampe mwanawe jina langu?