Adui Anayekaa Nyuma

Kwanza ulisikika mlio. Mwembamba, wa puani, kama wa mtu anayeimba amefumba mdomo huku mikono yake ikifanya kazi nyingine. Nilikuwa jikoni napuliza mkaa na sikuona kitu, lakini nilijua kwamba huko sebuleni, kwenye runinga ya marehemu baba, Mganga amefika na wafu wataanza kuinuka.

Ndivyo ilivyokuwa gemu ya kaka yangu. Sayari nyekundu isiyo na mti hata mmoja, mgodi uliotelekezwa, na wewe na bunduki yako ya mwanga mnawangoja wanaotoka mashimoni. Majina yao halisi yaliandikwa kwa Kiingereza na sisi hatukuyajali, tuliwapa ya kwetu. Panzi walikuwa wadogo, warukaji, risasi moja iliwatosha. Mgambo walikuja kwa safu na ngao zao, wakisukuma kila kitu mbele yao kama wale wanaowatimua mama ntilie stendi. Shangazi lilikuwa jitu la chuma lenye makalio mapana. Lilichelewa kufika kila mara, na likishafika hakuna kilichobaki mahali pake. Mganga yeye hakuwa hata na silaha. Kiumbe chembamba kilichojifunika shuka, kimejibanza nyuma ya wenzake, kinaimba.

Tangu tulipomzika baba, kaka alirithi kiti chake, redio yake na neno lake la mwisho. Jumapili baada ya misa alicheza mpaka jioni, na mgeni yeyote wa kiume aliyeingia pale aliulizwa swali moja kabla hajapewa chai: kati ya hawa, nani ana nguvu zaidi? Jibu lilikuwa Shangazi. Fundi seremala aliyejibu Mgambo aliitwa Mgambo mpaka alipomaliza kutengeneza kabati. Kaka alisema mtu humjui kwa maneno yake, unamjua kwa anachokiogopa, na kwamba yeye hajawahi kukosea.

Jumapili ile, baridi ya Juni ikiwa imetuvalisha masweta ndani ya nyumba, mgeni alikuwa mchumba wa dada yangu.

Wote wawili walikuwa walimu Namtumbo, shule moja. Mgeni alifundisha hisabati. Kwao ni Nakapanya, nyumba ya korosho na swala tano. Kwetu rozari ilining'inia juu ya runinga. Alikuja kujitambulisha, peke yake, ili kaka akiridhika wazee wake walete barua ya posa. Kaka asiporidhika, hakuna barua, hakuna ndoa. Dada alikuwa akikata vitunguu jikoni kana kwamba vimemtukana.

"Nimemfundisha mwezi mzima," aliniambia. "Akiulizwa, aseme Shangazi. Akisema Shangazi, tumemaliza."

"Na akikosea?"

"Wewe puliza moto wako."

Nilipopeleka vikombe sebuleni, mgeni alikuwa amekaa kwenye ncha ya kochi, magoti pamoja. Alikuwa amemwamkia mama shikamoo huku akitazama sakafu, kwa sababu kwao mkwe hatazamwi usoni, na tangu hapo kila mama aliposema neno macho yake yalishuka. Mama alikuwa kwenye kigoda karibu na mlango, ungo mapajani, anachambua maharage. Kaka alikuwa ameibana miguuni ndoo ya korosho aliyoletewa, zilizobanguliwa na mama yake mgeni, na alizila moja moja bila kumkaribisha mtu.

"Mwalimu," alisema, "kwenu Nakapanya mna televisheni, au mnatazama mikorosho?"

"Ipo, shemeji. Ila mikorosho ndiyo inayoonyesha vizuri."

Nilicheka. Kaka hakucheka.

"Shemeji yako nani? Mimi bado sijakupa mtu."

"Samahani, kaka."

"Tazama hapa." Alicheza mbele yake, akimwonyesha mmoja mmoja kama mnadani: huyu anakimbia hivi, huyu anakula risasi ishirini ndipo aanze kuchechemea. Shangazi alitokea, akaanguka, akainuka, akaanguka tena, akainuka tena. Kaka akasimamisha gemu, akajifuta chumvi kwenye suruali. "Umewaona wote. Nani ana nguvu?"

Dada alikuwa amesimama mlangoni na sinia. Mgeni alitazama runinga muda mrefu, kama anayehakiki jibu la mwanafunzi ambalo angependa liwe sahihi.

"Mganga," alisema.

Glasi ziligongana kwenye sinia.

"Rudia."

"Mganga, kaka. Shangazi ana damu nyingi, sikatai. Lakini damu inaisha. Umemwangusha mara mbili akasimama, na aliyemsimamisha hukumpiga hata risasi moja."

Nadhani alisahau alipokuwa. Aliona jibu, akalisema, kama wanavyofanya walimu.

Kaka alitafuna polepole. "Mama, umesikia? Anayejificha nyuma ya migongo ya wenzake ndiye mwenye nguvu."

"Nimesikia," mama alisema.

"Sasa ngoja nikupange na wewe, mwalimu. Mgambo ana ngao. Wewe una nini? Chaki. Nyumba huna, unakaa ya kupanga na kochi la kuazima, dada mwenyewe ametuambia. Wewe ni Panzi. Na Panzi mimi simpotezei risasi, nampiga teke."

"Kaka!" dada alisema.

"Nyamaza. Tena Panzi anaruka. Huyu amekaa tu, ananitolea macho."

Mgeni alitabasamu, tabasamu la mtu anayemeza dawa mbele ya watoto. "Naomba nijaribu kucheza."

Kaka alicheka mpaka korosho ikampalia. Kisha akamtupia pedi ya kuchezea gemu. "Haya. Ukimwangusha Shangazi peke yako, wazee wako walete barua hata kesho, mimi mwenyewe nitawapokea stendi. Ukishindwa, ndoo inabaki, wewe unaondoka."

"Bismillahi."

"Hapa huombi, hapa unapiga."

Alicheza vibaya. Aligonga kuta, alirusha risasi angani, Panzi mmoja alimng'ata kisigino na kaka akapiga mluzi. Lakini hakumgusa Shangazi. Alimzunguka. Aliufuata ule wimbo wa puani, akapotea nyuma ya mawe, akarudi, akainamisha kichwa kusikiliza, mpaka akakifikia kile kiumbe kilichojifunika shuka, na akakipiga kwa karibu.

Wimbo ukakatika. Sijawahi kuisikia sebule ile kimya namna hiyo siku ya Jumapili.

Baada ya hapo kila kilichoanguka kilibaki chini. Mgambo walilala juu ya ngao zao. Shangazi alipiga goti moja, likafuata la pili, na ule mstari mwekundu wa damu juu ya kichwa chake ukawa mwembamba kama uzi. Dada aliweka sinia chini bila kuangalia anaiweka wapi.

Kaka akanyoosha mguu. Kwa vidole, taratibu, akachomoa plagi ukutani.

Runinga ikawa nyeusi. "Umeme umekatika," alisema.

Pembeni, friji lilikuwa linatetemeka kama kawaida yake, na chupa ya chai iliyokuwa juu yake ililia ting, ting, ting. Mgeni alilitazama. Sote tulilitazama.

"Mbona friji linaunguruma?" niliuliza.

Kaka alimgeukia mama, na kwa muda mfupi uso wake ulikuwa wa mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Alikuwa chini, kama Shangazi. Neno moja tu kutoka kwenye kile kigoda, "mwanangu, rudisha plagi," na yote yangekuwa mengine.

Vidole vya mama havikuacha maharage.

"Pole, baba," alimwambia mgeni, kwa sauti laini ya kumlishia mtoto uji. "Umeme wa hapa ndivyo ulivyo. Unakatika bila taarifa." Na kwangu: "Wewe kaangalie sufuria lako."

Kaka akaketi wima, mabega yakarudi mahali pake.

"Haina neno, mama," mgeni aliiambia sakafu. "Ukirudi nitamalizia."

"Haurudi leo," kaka alisema. "Wala msimu huu."

Aliweka pedi mezani, akaukunja waya wake vizuri, akaaga, akatoka kuvaa viatu barazani. Siku ya kwanza tu alikuwa amemtambua adui ambaye kaka hakumtambua kwa miaka. Lakini yule wa pale sebuleni adabu ilimkataza kumtazama, na akaondoka akiamini kwamba aliyemshinda ni kaka.

Dada hakuamini hivyo. Alitoka chumbani na begi lake la Namtumbo, akasimama mbele ya kigoda.

"Mama, umemwona alivyochomoa."

"Kaka yako ameshasema."

"Nakuuliza ulichokiona wewe. Nitazame, mama."

Mama alipepeta ungo, akapuliza makapi. "Nimekutazama tangu nilipokuzaa, nimechoka. Kama unakwenda, nenda kabla basi halijajaa." Kisha, bila kuinua macho: "Na sweta hilo ni la mdogo wako. Liache."

"Nenda nalo," nilisema.

"Nimesema aliache."

Dada alilivua. Lilimkwama kichwani, akahangaika nalo mbele yetu, mikono juu, na hakuna aliyemsaidia kwa sababu mama alikuwa ameninyooshea kidole nikae. Alilitundika kwenye kiti cha baba, nyuma ya kichwa cha kaka, akatoka na blauzi nyepesi kwenye upepo ule, mlango akauacha wazi.

Kaka alikuwa ameshachomeka plagi. Sayari nyekundu ikawaka, na wote walikuwa hai tena, Panzi wanaruka, Shangazi anajikung'uta vumbi. Baridi ilituingia miguuni. Mama aliweka ungo chini, akainuka akishikilia magoti, na huku akiimba wimbo wa misa ya asubuhi kwa puani, mdomo umefumbwa, akaufunga mlango nyuma ya kiti cha mwanawe.