Kanisa Alimolala Bibi

Juzi niliona watalii wakipiga picha kwenye magofu, nikamkumbuka mama. Likizo moja tulitoka Kibondo kwenda kutembea Kasulu, akanionyesha kanisa la kale lililobaki kuta tupu. Ndani mlinuka popo na matofali yaliyolowa mvua. Njiwa walikuwa wakilia juu ya kuta.

"Bibi yako alilala hapa, tulipokimbia kutoka Burundi," alisema, akipapasa sakafu.

"Akaamka saa ngapi, mama?"

Alinikumbatia, moyo wake ukidunda sana, nikadhani amechoshwa na jua. Nikamvuta mkono twende tukanywe soda, akainuka taratibu.

Sasa mama naye hayupo, nami najua kwamba bibi hakuamka. Natamani alasiri ile irudi, niketi naye palepale sakafuni, bila kumhimiza kuondoka.