Mafuta ya Nazi kwenye Katapila ya Baba

Wenzangu wakinusa mafuta ya nazi hukumbuka nywele zao zikisukwa. Mimi hukumbuka katapila.

Ilikuwa ndogo, ya kukaa juu ya sinia. Baba aliiunda nyumbani kwetu Sidab, mtaa wa Maskati, mwaka ule tuliotoka Unguja. Huko alikuwa fundi wa mashine za barabara, lakini vyeti vyake vilibaki huko huko, na Kiarabu chake kilikuwa cha kuombea maji tu. Msimamizi wa kampuni moja ya barabara alimwambia hawezi kumwajiri mtu kwa maneno matupu. Baba akamjibu kuwa atamwonyesha kwa mikono. Wakapatana kwamba baada ya majuma mawili msimamizi atapita kwetu asubuhi, akielekea kazini.

Majuma yote hayo Baba alikata silinda za mirija ya shaba, kila moja ndefu kama kidole changu cha shahada, akazisugua ndani hata zikang'aa. Pistoni alizichonga kwa misumari minene, akazivisha duara za ngozi ya kiatu kikuukuu ili mafuta yasipenye. Ukisukuma pistoni ya silinda moja, mafuta hupita kwenye mpira mwembamba yakazisukuma pistoni za nyingine mbili, na koleo la katapila likapanda na mzigo wake wa changarawe. Kwangu ulikuwa uchawi wa halali.

Kazi ya kutia mafuta alinipa mimi, msichana wa miaka minane.

"Tia taratibu, Zuhura," aliniambia. "Upepo ukibaki ndani, haitonyanyuka."

Nilitia taratibu mno, miguu ikafa ganzi, na nilipoinuka nikalipiga teke kopo la mafuta ya cherehani. Yote yakanywewa na mchanga wa uani. Bibi, tuliyekuwa tukiishi naye, alikuwa akiwaambia wanaoficha maradhi yao kuwa mficha uchi hazai. Mimi siku ile nilificha. Nilichukua chupa yake ya mafuta ya nazi, iliyokaa daima pembeni mwa jiko, nikajaza silinda zote. Nyumba nzima ilikuwa ikinukia nazi kila siku, basi Baba hakushuku kitu. Jioni alijaribu, koleo likapanda bila kusita, nami nikalala kwa raha.

Unguja tuliyajua mafuta ya nazi yakiwa maji mwaka mzima. Hakuna aliyetuambia kuwa Maskati nako kuna baridi, na baridi yetu ya kwanza ikaja usiku ule ule.

Asubuhi msimamizi alisimama barazani, mikono mfukoni. Baba akasukuma. Koleo halikutikisika. Akasukuma tena kwa nguvu zake zote. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, nikichungulia. Akachomoa mpira, kikatoka kitu cheupe kilichoganda kama samli. Akakinusa. Kisha akanyanyua macho, yakakutana na yangu.

Msimamizi naye akanusa, akaangua kicheko. "Fundi gani wewe? Wataka kutengeneza barabara au kukaanga samaki? Nani katia mafuta haya?"

"Ana," Baba akasema kwa Kiarabu chake kile, akijigusa kifua. Mimi.

Alipewa kazi, lakini si ya ufundi. Mwaka mzima aliosha vyuma vya wenziwe kwa mafuta ya taa, akirudi na vidole vimechubuka, ndipo akaruhusiwa kushika spana. Nyumbani hakuligusia jambo lile hata kwa utani. Nilifurahi sana. Nilidhani amesahau aliyetia mafuta.

Nilikwisha kuwa na watoto watatu, mmoja kanivunjia birika na kukana mbele yangu, ndipo nilipoelewa. Angenitaja tu, msimamizi angejua kosa ni la mtoto, angecheka zaidi, na Baba angekuwa fundi siku ile ile. Nililia, mtu mzima mimi, kisha nikamwendea.

"Baba, yale mafuta ya katapila niliyatia mimi."

Akapuliza kahawa yake, akanywa funda moja.

"Mafuta gani, mwanangu?"