Sahihi ya Alhamisi

Pale supamaketi walimwita Karibu Tena. Maneno hayo yalikuwa yamemkaa mdomoni kiasi kwamba hata mgeni akitoka nyumbani kwake, aliagwa hivyo hivyo kama mteja. Miaka sita kwenye keshia namba tatu! Na Jumapili zote, jamani, zote, yeye yupo.

Kila Alhamisi karatasi ya zamu za Jumapili ilibandikwa karibu na makabati ya wafanyakazi, nao waliitia sahihi mbiombio, mkoba begani. Karibu Tena alijua ni mahudhurio tu. Alhamisi moja mkata nyama, mama mtu mzima asiye na haraka na lolote, akavaa miwani yake na kuisoma kwa sauti: "Nimekubali kwa hiari yangu kufanya kazi Jumapili."

"Hiari? Hiari ya nani?"

"Yako, mwanangu. Usiposaini hawakulazimishi. Ndiyo sheria."

Weee! Karibu Tena akaichukua karatasi, akaisoma mwenyewe. Binti yake alikuwa shule ya bweni, na siku ya wazazi ilikuwa Jumapili moja kila muhula. Miaka yote alikwenda mama mdogo kwa niaba yake. Sasa ilibaki moja tu, Jumapili hiyo hiyo inayokuja, halafu binti anamaliza. Akaiacha nafasi yake wazi.

Meneja alimfuata hadi kwenye keshia. "Mama, umesahau kusaini."

"Sijasahau, bosi. Safari hii sikubali."

Meneja akaitazama karatasi, akamtazama yeye, akakuna kichwa. "Haya. Itabidi nikae mimi hapo."

Kule kwenye nyama mtu alicheka mpaka akakohoa.

Jumapili alifika shuleni kabla geti halijafunguliwa, gauni limepigwa pasi mara mbili. Wasichana wakamiminika. Wake akaja mbio, akampita! Akasimama pale mbele, akiangaza macho huku na huko, anamtafuta mama mdogo. Moyo ulimuuma Karibu Tena, uongo dhambi.

"Mwanangu."

Binti akageuka, uso ukamshuka. "Mama? Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Nimekuja kukuona tu."

Binti akabaki amemkodolea macho. Kisha akamshika mkono kwa nguvu, machozi yakimtoka hadharani bila aibu, akawageukia wenzake.

"Njooni! Njooni mumwone, huyu ndiye mama yangu."