Nilimuua Shemeji kwa Ajili ya Sehemu ya Pili ya Sinema

Kosa ni langu peke yangu. Sikulewa, sikulogwa, wala sikushawishiwa na vijana. Mzee mzima niliyemaliza kidato cha nne, mwenyekiti wa jumuiya yetu ya sala hapa Makanyagio, nilimuua shemeji yangu kwa mdomo ili nikaangalie sinema. Na sinema yenyewe ilikuwa mbovu!

Sehemu ya kwanza niliipenda, nakiri. Jamaa wa kiwanda cha mbao, kavaa kinyago cha kuchomelea vyuma, anaua watu mmoja mmoja. Haongei. Unasikia pumzi tu. Mwishoni anaungua pamoja na kiwanda chake, anabaki majivu. Nilitoka banda la video, nikawasimulia watu mpaka wakanichoka.

Basi mwenye banda akatangaza sehemu ya pili, Jumamosi saa nne asubuhi. Saa hiyo hiyo jumuiya inasali, na zamu ya kuongoza ilikuwa yangu. Ningesema naumwa, wangekuja kunitazama. Nikampigia Katibu wetu, mama mwenye huruma kuliko sisi wote.

"Mama, nimefiwa. Shemeji yangu Gervas, wa Kabungu. Ndiyo naelekea huko."

"Yesu wangu! Mke wako anajua?"

"Yuko shambani Kasokola. Nitamwambia mwenyewe."

Nikazima simu, nikanunua karanga, nikaingia.

Jamani, ile takataka! Mwanzo mzima ni kurudia sehemu ya kwanza, kama mwalimu aliyekuja darasani bila somo. Yule binti shujaa tuliyemhangaikia sehemu ya kwanza, watunzi wanamuua kabla sijamenya karanga ya tatu. Halafu muuaji anarudi. Amerudije? Hakuna anayesema! Tulimwacha majivu, leo ana mpaka buti mpya. Anatembea taratibu kama anapeleka mbuzi malishoni, anaowafukuza wanakimbia, na bado anawafikia. Mlango uko wazi, wao wanapanda ghorofani! Hata aliyeingiza sauti ya Kiswahili alichoka, akaanza kuwagombeza: "Nyie wajinga, tokeni nje!" Tulicheka mpaka muuaji akaonekana mchekeshaji.

Ila haki yake nimpe, kipande kimoja kilikuwa kizuri. Mama mzazi wa muuaji, aliyekwisha kumlilia mwanawe, anaosha vyombo. Mlango unagongwa. Anafungua, mwanawe huyo hapo. Hapigi kelele. Anampapasa tu usoni, polepole, kama kipofu. Yule bibi ndiye alikuwa sinema. Wengine wote wangerudishwa kwao.

Nilitoka naponda kwa sauti: "Mtu akifa amekufa! Wanatufanya watoto!"

Nikakata kona ya nyumbani. Nikasimama.

Mbele ya mlango wangu kulikuwa na canter imepakiwa sufuria, kuni na mikeka. Akina mama wamejifunga kanga. Mimi mwenyekiti, niliyepanga misiba ya watu miaka yote, nilikuwa nimesahau kwamba kwetu aliyefiwa haachwi aende peke yake! Na taarifa ya msiba haipelekwi kwa simu. Wazee wawili walipanda bodaboda hadi Kasokola, wakamwambia mke wangu anahitajika nyumbani, na walipomfikisha ndipo wakamwambia. Simu ya Gervas haikupatikana, maana huwa anaichajisha senta, basi wakazidi kuamini.

Mke wangu alikuwa kwenye mkeka, sauti imemkauka. Gervas ndiye kaka yake wa pekee. Ndiye aliyemlea.

"Mwenyekiti karudi kutuchukua!" Katibu akasema. "Pole baba, pole sana."

Hapo ndipo ningesema ukweli. Ungamo langu hasa ni hili. Nilifungua mdomo nikasema, "Asanteni." Nikapokea pole, mkono baada ya mkono, maganda ya karanga yakiwa mfukoni.

Mke wangu akaniuliza, "Wanasema aliniulizia kabla hajakata roho?"

Nikamjibu, "Alikutaja."

Mungu anisamehe!

"Panda mbele na dereva utuelekeze," mzee mmoja akaniambia. Nikaweka mguu kwenye gari. Bodaboda ikasimama, akashuka Gervas, kuku kwapani na kiroba cha unga begani. Dereva wa bodaboda alikuwa amemwambia kwamba kwa dada yake kuna msiba, naye akaja haraka.

"Poleni jamani. Shemeji, nani amefariki?"

Mfuniko wa sufuria ukamponyoka mtu. Mke wangu akainuka. Hakupiga kelele. Akamwendea kaka yake, akampapasa usoni, polepole. Kipande kile kile nilichokisifia!

Kisha akanigeukia. "Ulikuwa wapi?"

"Banda la video," nikasema.

Uenyekiti waliuchukua pale pale. Yule mzee akasema unga wa msiba ukishatoka haurudi, wakapika, wakala mbele yangu. Hakuna aliyenikaribisha. Gervas alitafuna akauliza, "Shemeji, nilikufa kwa ugonjwa gani?" Watu wakacheka. Mke wangu hakucheka. Tangu siku hiyo, nikimwambia nimetoka mahali, anatuma mtu akaulize.

Gervas naye, kila Jumamosi saa nne, ananipigia: "Shemeji, nauliza tu. Leo niko hai?"

Jumamosi iliyopita hakupiga. Saa tano, kimya. Saa sita, haipatikani. Nikamwambia mke wangu. Alikuwa anachambua maharage, hakuinua kichwa. "Sasa unajua," akasema.

Nikachukua bodaboda mpaka Kabungu. Njia nzima nilikuwa nakumbuka lile neno langu, "Alikutaja." Nilimkuta Gervas anapukuchua mahindi kwenye kivuli cha nyumba yake.

"Simu haina chaji," akasema. Akanitazama vizuri. "Kumbe ulishaanza kulia!"

Nilikuwa nimeshaanza.

Ndugu msomaji, ukitaka kwenda kuangalia upuuzi, sema unakwenda kuangalia upuuzi. Watakucheka, na jioni mtakula wote. Usimuue mtu aliye hai. Kwenye sinema anarudi na buti mpya, na hakuna anayeuliza kitu. Mimi shemeji yangu alirudi na kuku, akauliza.