Nilivyosomea ufumaji kwa posho ya serikali Morogoro enzi za ujamaa, na yaliyompata mwenzangu Tatu

Wakuu, habari za muda huu. Wale wa umri wa wajukuu zangu, shikamoo zenu nimezipokea kwa jumla, marahaba, msijisumbue kuandika mmoja mmoja.

Nimesoma ule uzi wa vijana wanaolalamikia internship isiyolipwa, nikaona na mimi niseme yangu. Ni mambo yaliyonipata mwenyewe. Majina ya watu nimebadilisha na kiwanda sikitaji, lakini chumvi sijaweka. Anayetafuta vichekesho apite tu, hapa kuna sehemu zinauma.

Twende.

Mimi ni Mluguru wa Mgeta, kule juu ambako ukungu unaingia mpaka jikoni. Kwetu ni njegere, kabichi na miti ya matunda iliyoletwa na mapadri.

Nilimaliza darasa la saba katikati ya miaka ya sabini, sikuchaguliwa. Sekondari zilikuwa za kuhesabu, na aliyeachwa ameachwa.

Mama akanishusha mjini kwa mdogo wake, mama mdogo Anastazia, Mwembesongo. Alikuwa akipika maandazi. Asubuhi namsaidia kukanda unga, mchana sina la kufanya.

Sasa nyie mnaoujua ujamaa kwa kusoma tu, niwaambie. Kijana asiye na kazi mjini alikuwa anaitwa mzururaji. Mgambo wakikukuta huna cha kuonyesha, unapandishwa lori kwenda kulima, na sio lazima kijijini kwenu.

Sisemi kulima ni kubaya, mimi nimezaliwa na jembe. Ila kupakiwa kwenye lori kama gunia ni jambo jingine. Nikisikia filimbi ya mgambo mtaani nilikuwa najificha chooni.

Aliyenitoa chooni ni balozi wetu wa nyumba kumi. Alikuja siku moja akamwambia mama mdogo, "Anastazia, huyu binti wa dada yako asikae bure. Kiwanda kinachukua vijana wa kufundishwa kazi. Serikali inatoa posho, sare na chakula cha mchana. Mlete kesho nimpeleke."

Mama mdogo akauliza, "Na wasichana wanachukuliwa?"

"Wamesema vijana. Kwani huyu ni mzee?"

Basi nikaenda, nikapokelewa.

Kilikuwa kiwanda cha kufuma vitambaa vizito. Siku ya kwanza nilipoingia ukumbi wa mitambo nilidhani jengo linaanguka. Kelele ile hujawahi kuisikia! Kwetu kelele kubwa ni mto ukijaa.

Mwalimu wetu alikuwa Fundi Mbaraka, mtu wa Tanga, mrefu, mkali, akifoka mnasikia juu ya mitambo yote. Lakini alikuwa anafundisha. Hakuwahi kumtuma mwanafunzi chai wala kumfagilisha ofisi. Atakushika mkono, akuwekee kwenye uzi, aseme, "Sikia kwa vidole. Masikio humu ndani hayana kazi."

Nawaambia ukweli, wakuu, siku nilipofuma kitambaa changu cha kwanza kisicho na kasoro nilikinusa. Sijui kwa nini. Nilikinusa tu kama unavyomnusa mtoto mchanga.

Na njiani sikuogopa filimbi tena. Nilikuwa navaa sare hata Jumapili kanisani, mama mdogo ananicheka.

Hapo kiwandani ndipo nilipompata Tatu.

Tatu alitoka Kingolwira, baba yake kibarua wa reli. Mcheshi, ana wadogo wengi nyuma yake, na kila akipata posho yake kitu cha kwanza ni sabuni na madaftari ya wadogo zake. Mkristo na Mwislamu, Mluguru na Mzigua, tulikuwa tunakula sahani moja. Mfungo ukifika mimi nilikuwa naenda kulia maharage yangu nyuma ya ghala asinione, na yeye anajua, anacheka.

Sasa nije kwenye lenyewe.

Mtambo aliokuwa anajifunzia Tatu ulikuwa na meno ubavuni, yale magurudumu yanayosagana. Yanatakiwa kufunikwa na bati. Bati lile halikuwepo tangu tunaingia. Fundi Mbaraka alikuwa analiomba, anajibiwa vipuri havipo, nchi haina fedha za kigeni. Kila asubuhi alikuwa anatuambia, "Kaeni mbali na meno."

Mchana mmoja baada ya chakula Tatu alikuwa anapangusa vumbi la nyuzi. Tambara likanaswa. Hakuliachia kwa wakati, mkono ukafuata.

Sikumsikia akilia, kelele ilimeza. Nilimwona mdomo tu umefunguka.

Fundi Mbaraka alizima mtambo, akavua shati lake akalifunga kwenye ule mkono, akambeba mwenyewe hadi kwenye gari. Tatu alikuwa anamwambia kitu kimoja tu, "Fundi, usimwambie baba."

Vidole viwili vya mkono wa kulia vilibaki kiwandani.

Nilikuwa naenda kumwona hospitali kila nikitoka kazini. Alikuwa haongelei maumivu. Alikuwa anauliza, "Koleta, wamesemaje? Nitarudi?"

Jibu likaja kutoka ofisini: mwanafunzi si mwajiriwa, ameumia kwa uzembe wake, akitoka hospitali arudi kwao, posho yake imekoma.

Yaani hivyo tu.

Wiki hiyo ukaitishwa mkutano wa wafanyakazi kwenye bwalo. Enzi zile mfanyakazi aliruhusiwa kumhoji bosi mkutanoni, angalau kwa maneno. Meneja akaeleza habari za uzalishaji, mwishoni akagusia ajali. Akasema vijana hawako makini, wanaingiza mikono hovyo, na kwa maoni yake wasichana wasiwekwe tena kwenye mitambo.

Akauliza kama kuna swali.



Nikamtazama Fundi Mbaraka. Alishasimama mara nyingi kuhusu lile bati, na tulishasikia kuwa akiongeza neno atahamishwa. Ana watoto wanasoma. Alikuwa ameinamisha kichwa.

Wakuu, mimi sikuwa msemaji. Kiswahili changu kilikuwa na mlima ndani yake, nikifungua mdomo watu wanajua natoka Mgeta. Na nilijua wakinifukuza narudi kujificha chooni, au napanda lile lori.

Lakini nilimwona Tatu kitandani ananiuliza, "Nitarudi?"

Nikanyoosha mkono.

Meneja akasema, "Wewe ni nani?"

"Koleta. Mwanafunzi."

"Wanafunzi si wajumbe. Nani amekutuma?"

"Sijatumwa, baba. Nauliza. Bati la ule mtambo liko wapi?"

"Bati gani?"

"La kufunika meno. Mimi tangu nije sijaliona. Kama Tatu ni mzembe, na bati nalo lilizembea?"

Watu wakacheka, kisha wakaziba midomo kama waliojishtukia. Nikashika meza.

Meneja akaanza kusema vipuri, fedha za kigeni. Nikasema, "Sawa baba. Lakini kama serikali imemchukua Tatu afundishwe, inamrudishaje kwao hajui kazi na mkono hana?"

Hapo mama mmoja wa jikoni, mtu mzima, akasimama na mwiko wake. "Huyo mtoto kauliza. Ajibiwe."

Akasimama mwingine. Na mwingine. Fundi Mbaraka naye akanyanyua kichwa, akasimama, akasema kwa sauti ndogo ambayo hatukuwahi kuisikia kwake, "Mimi nililiomba lile bati. Wote hapa mnajua."

Bwalo likachafuka. Mwenyekiti wa tawi la chama akaona hali si hali, akasema suala litajadiliwa. Na kweli lilijadiliwa, maana watu hawakukubali kurudi kazini hadi lijadiliwe.

Tatu akarudishwa, na posho yake ikarudi. Bati likatengenezwa palepale karakana kwa pipa kuukuu. Kumbe fedha za kigeni hazikuhitajika.

Msidhani yaliisha vizuri yote, hii sio hadithi ya kulazia watoto.

Tatu alishindwa kufuma. Fundi Mbaraka alikaa naye majuma mengi akimfundisha kufunga uzi kwa vidole vilivyobaki. Unakatika. Anaanza tena. Siku nyingine Tatu alitupa uzi chini akalia, na yule mzee mkali akakaa sakafuni pembeni yake.

Na mimi, walipochaguliwa vijana wa kupelekwa Dar kusomea ufundi wa mitambo, jina langu halikuwemo, ingawa Fundi alilipendekeza. Sababu sikuambiwa. Nilibaki mfumaji hadi nilipostaafu. Iliniuma, bado huwa inaniuma kidogo mvua ikinyesha nikiwa peke yangu.

Habari zilipofika Mgeta, mama yangu aliteremka na tenga la njegere na matunda, akampelekea Tatu. Kisha akaniita pembeni.

"Nasikia uliongea mbele ya wanaume."

"Niliongea, mama."

"Sauti ilitoka?"

"Ilitoka."

"Basi." Akajifunga kitenge chake vizuri, akaanza safari ya kurudi mlimani.

Baadaye Tatu aliwekwa kwenye ukaguzi wa vitambaa, anapitisha kiganja kutafuta kasoro. Kisha akapewa kupokea wanafunzi wapya. Kila kundi jipya likiingia, kabla ya maneno yoyote, ananyanyua ule mkono wa kulia hadi wote wautazame.

"Mmeingia hapa na vidole kumi," alikuwa anasema. "Mtatoka hapa na ufundi na vidole kumi. Nikikuona unakaribia meno nitakupiga mimi kabla hayajakushika."

Na kwa miaka yote aliyopokea wanafunzi, hakuna mwingine aliyeumia kama yeye. Hilo naliapia.

Nilichojifunza, wadogo zangu: posho ni nzuri, tuidai. Sare nayo ni nzuri. Ila mafunzo ni mtu. Mkubwa anayekaa sakafuni na wewe ukishindwa, na mwenzako anayekuulizia swali wewe ukiwa haupo mkutanoni. Ukienda field mahali ukakosa wote hao, uwe macho, na ikibidi mtu huyo uwe wewe.

Haya, nimechoka kubonyeza, miwani imejaa ukungu. Waliopitia mafunzo kazini, wa zamani na wa sasa, njooni mseme. Ulipoumia, nani aliuliza?