Jinsi mimi na jirani yangu tulivyotukanana mtandaoni ili tuuze vitenge Bwera

Wakuu, salamu kwenu wote, wenye chaji na mliochomeka simu ukutani.

Ninachosimulia kimenikuta mwenyewe. Chumvi sijaongeza, na pilipili ilikuwemo tayari. Kiswahili changu ni cha Kasese, Uganda, kwa hiyo ngeli zikipotea mzitafute wenyewe.

Naitwa Kabugho. Nauza vitenge Bwera, karibu na mpaka wa Congo. Ng'ambo ya barabara kuna duka lingine la vitenge, la Zaituni.

Mnafikiri tulikuwa maadui? Hapana. Zaituni ni rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Mama yangu alipougua kijijini kwetu Mahango, milimani, mume wa Zaituni ndiye aliyemshusha kwa lori lake mpaka hospitali, na Zaituni akalala naye wodini kama binti yake wa kumzaa.

Sasa, miaka ile simu za kugusa zilikuwa zimeingia kwa nguvu. Kila mtu anatazama simu, hakuna anayetazama kitambaa. Biashara ikalala.

Nikaenda Kasese mjini, kwenye seminar ya online marketing. Mwalimu alikuwa kijana wa viatu vyenye ncha. Aliongea mengi, mimi nikakamata moja tu: "Watu wakigombana kwenye page yako, hiyo ni engagement. Page inapanda!"

Nikarudi Bwera nacheka peke yangu garini.

Nikamwambia Zaituni, "Dada, tugombane."

Akaniuliza, "Nimekukosea nini?"

Nilipomweleza akacheka mpaka akashika meza. Kisha akaweka sheria: dini hapana, waume hapana, watoto hapana. Tukafungua page mbili za Facebook, kila duka na yake.

Mimi nikaanza: "Kuna duka ng'ambo ya barabara, kitenge yake ukifua mara moja inageuka kitambaa cha kudekia."

Page ya Zaituni ikajibu: "Yangu ikififia ni kwa kufuliwa. Ya kwako ilizaliwa imefifia."

Wakuu, hapo nifichue kitu. Zaituni alikuwa mzito wa kuandika kwenye simu. Pande zote mbili nilikuwa naandika mimi! Tunakaa nyuma ya duka lake, tunakula, yeye ananiambia, "Hiyo haiumi, ongeza." Tusi kali kuliko yote niliyowahi kutukanwa duniani nilijiandikia mwenyewe: "Mama yako alikufundisha kulima tu, kuchagua nguo hakukufundisha."

Na kweli, watu wakaja.

Wanaingia na simu mkononi, wanalowesha kidole kwa mate, wanasugua kitenge. "Ndiyo hii inafifia?" Haififii, wananunua. Wanavuka barabara, wanasugua cha Zaituni. Hakififii, wananunua pia. Vilikuwa vitenge vya aina moja, jamani, tulikuwa tunanunua kwa mtu mmoja!

Tulijiona maprofesa.

Shida ni kwamba watu walianza kuchagua upande. Bodaboda wa kwangu hawasalimii bodaboda wa Zaituni. Mama Furaha, mteja wangu mkubwa kutoka Kasindi, upande wa Congo, aliapa hatakanyaga tena kwa Zaituni. Mimi nikamkatia bei kidogo, nikafurahi.

Halafu siku moja akaingia mtu tusiyemjua kwenye comments, akaleta dini. Tukafuta. Akaja mwingine. Tukafuta. Wa tatu akaja na maneno ambayo hata hapa siwezi kuyaandika.

Zaituni akasema, "Kabugho, tuache. Huu moto sasa si wetu."

Nikamwambia tungoje kidogo, Idi iko karibu, tuuze kwanza. Akakusanya sahani zetu, akaenda kuziosha.

Siku ya soko iliyofuata duka langu limejaa, na Mama Furaha yupo ndani anachagua. Natupa macho ng'ambo, naona kitambaa cha kichwa ninachokijua. Mama yangu! Ametoka Mahango bila kuniambia, na haji kwangu. Anaingia kwa Zaituni.

Nilivuka barabara bila kutazama magari. Wateja wakanifuata, wanajua leo ngumi zinapigwa.

Ndani nikamkuta mama amepiga magoti chini, katikati ya mafurushi. Mama yangu mzima, mbele ya mtu wa umri wangu.

"Zaituni, nisamehe mimi," alisema. "Mutoto wangu iko na kichwa ngumu. Wewe ulilala na mimi hospitali, leo yeye anakutukana mbele ya dunia. Watu wa kanisa walinisomea yote kwa simu zao."

Zaituni naye akashuka chini akapiga magoti. Machozi yanamtoka.

"Mama, simama. Ni uongo. Tulipanga."

"Mulipanga nini?"

"Kutukanana."

"Juu ya nini?"

"Biashara, mama."

Mama akanigeukia polepole.

"Na ile ya kusema mimi nilikufundisha kulima tu. Aliandika nani?"

Nikatamani ardhi inimeze na mafurushi yake.

"Mimi, mama."

Hapo watu walipasuka kwa kicheko. Hata Zaituni, na machozi yake. Mama hakucheka.

Na Mama Furaha hakucheka. Alikuwa amesimama mlangoni.

"Kumbe mulikuwa munatucheza?" alisema. "Mie nimekosana na wifi yangu juu yenu! Yeye anasemaka Zaituni, mie nasemaka Kabugho. Hatusalimiane. Na nyinyi mulikuwa munakula sahani moja?"

Akaondoka bila kununua kitu.

Kicheko kikaisha.

Kesho yake mimi na Zaituni tulivuka mpaka hadi Kasindi, tukamkalisha Mama Furaha na wifi yake, tukaomba radhi kwa wote wawili. Walipatana mbele yetu, tukafurahi.

Na sasa wananunua pamoja, wakuu. Kwa mzee mmoja mwenye duka la tatu, ambaye hana page, hana hata simu ya kugusa.

Sisi tulifunga zile page, tukafungua moja ya wote wawili. Video ya kwanza ilikuwa Zaituni anafua kitenge kwenye beseni, anakikamua, anakionyesha juani. Hakuna tusi. Likes zilikuwa chache, lakini waliokuja walikuja na pochi, na walirudi.

Nilichojifunza: ugomvi unaleta watazamaji, na mtazamaji akigundua ulimchezea, hakuna discount ya kumrudisha. Pia, ukiwasha moto mtandaoni, usidhani kiberiti ni wewe peke yako unacho.

Wenye biashara humu, mnavutaje wateja? Na kuna mwingine aliyewahi kujitukana mwenyewe, au niko peke yangu? Njooni kwenye comments, ila dini acheni nje.

Kuhusu mama: alinisamehe, anasema. Kaka yangu alimnunulia simu. Kila video ya Zaituni kwenye page yetu, mama ndiye wa kwanza kulike.

Post ninazoandika mimi anazisoma tu.